Kifundo cha Mkulima Kisiachwe Kikawa Kilema

Katika nchi ya milima, mguu ndio chombo cha kwanza cha kazi. Mkulima wa viazi wa Uporoto, mchuma chai wa Rungwe na wa Mufindi, mpasua mbao wa Kilolo, mama anayeteremka bondeni kuteka maji na kupanda tena na ndoo kichwani: wote hawa hula kwa nguvu ya miguu yao. Mpini wa jembe ukivunjika huchongwa mwingine jioni ile ile. Lakini kifundo cha mguu kikivunjika na kuungana upande, mwenye nacho huendelea nacho hivyo hivyo mpaka mwisho wa maisha yake, na shamba lake hupungua ekari kwa ekari.

Makala haya yana neno moja la kusema. Kilema cha kifundo mara nyingi hakiletwi na ajali yenyewe. Huletwa na yale yanayofanywa, au yasiyofanywa, katika wiki mbili tatu za kwanza baada ya ajali. Kwa hiyo ni kilema kinachoweza kuzuiwa, na jambo linaloweza kuzuiwa haifai kuliita majaliwa.

Hapana budi kulisema jambo hili sasa, kwa sababu sura ya ajali katika Nyanda za Juu Kusini imebadilika. Zamani aliyevunjika kifundo alikuwa ameteleza katika matope ya masika, ameanguka mtini, au ameumizwa uwanjani akicheza kandanda. Hao bado wapo. Lakini pikipiki za bodaboda zimeingia katika kila kijiji chenye njia, na kifundo cha dereva na cha abiria wake hukaa wazi, mahali pale pale ambapo pikipiki ikilala ubavu mguu hubanwa kati ya chuma na barabara. Ongeza hapo barabara kuu iendayo Tunduma, na miteremko yake inayojulikana na kila dereva wa lori: Kitonga kwa upande wa Iringa, Mlima Nyoka na Iwambi kwa upande wa Mbeya.

KIFUNDO KILIVYOJENGWA

Ili kufahamu kwa nini kosa dogo huzaa kilema kikubwa, yafaa kwanza tujue kiungo hiki kilivyojengwa. Mfupa mkubwa wa muundi na mfupa mwembamba wa upande wa nje hushuka pamoja na kuishia katika vile vinundu viwili tunavyovigusa, kimoja ndani na kimoja nje. Kati ya vinundu hivyo hukaa mfupa wa kifundo, umeshikwa kama ulimi wa mbao uliochomekwa katika tundu lake na fundi hodari. Kano imara huufunga mfupa huo pande zote, na gegedu laini huufunika ili uteleze bila kusagika.

Mwaka 1976 watafiti wawili wa Marekani, Ramsey na Hamilton, walipima jambo ambalo madaktari wa mifupa hawajalisahau tangu hapo. Waliona kwamba mfupa wa kifundo ukihama upande wa nje kwa milimita 1 tu, eneo ambalo mifupa inagusana hupungua kwa asilimia 42. Uzito wa mwili mzima, pamoja na gunia la viazi mgongoni, huangukia sehemu ndogo iliyobaki. Gegedu husagika, maumivu huanza, na kiungo cha kijana wa miaka thelathini huwa kama cha mzee. Milimita moja haionekani kwa macho wala haipimwi kwa kupapasa juu ya uvimbe. Ndiyo maana maneno kama “utapona tu, mguu umevimba kidogo” yamewagharimu watu wengi.

SI KILA KIFUNDO KINAHITAJI KISU

Hata hivyo tusije tukatoka katika kosa moja na kuingia katika jingine. Vifundo vingi vinavyoumia havikuvunjika. Vimeteguka: kano za upande wa nje zimevutwa au zimechanika kwa sababu mguu ulipinda kuelekea ndani. Wengi wa hao hupona bila kupasuliwa. Wanahitaji kupumzisha mguu siku za mwanzo, kuuinua juu ya kiwango cha moyo, kuupoza kwa maji baridi, kuufunga kwa bendeji, kisha kuanza mazoezi mapema. Kuuchua mguu kwa nguvu na kuukanda kwa maji ya moto katika siku hizo za kwanza, kama wengi wetu tulivyozoea, huongeza damu na uvimbe ndani.

Basi mhudumu wa zahanati iliyo mbali atajuaje nani apelekwe kupigwa picha ya eksirei na nani arudi nyumbani? Jibu lipo, wala halihitaji mashine. Mwaka 1992 Dakta Ian Stiell na wenzake wa Ottawa, Kanada, walitoa kanuni ambayo leo inatumika duniani kote. Kwa mtu mwenye maumivu ya kifundo, bonyeza kwa kidole ukingo wa nyuma wa kinundu cha nje na cha ndani, katika sentimita 6 za mwisho, mpaka kwenye ncha. Kama mfupa wenyewe unauma, apigwe picha. Kama hakuweza kukanyaga hatua nne mara baada ya kuumia, na hawezi kuzikanyaga mbele yako, apigwe picha. Kama hana dalili hata moja kati ya hizo, kuvunjika kwa kifundo ni jambo la nadra sana kwake.

Kanuni hii inaweza kuandikwa katika karatasi moja na kubandikwa katika ukuta wa kila zahanati kutoka Chunya hadi Kilolo. Ingewaokoa wasiovunjika na nauli ya bure, na ingewaokoa waliovunjika na kuchelewa. Mambo makubwa ya afya si lazima yaanzie katika majengo makubwa.

PALE KISU KINAPOHITAJIKA

Wapo lakini ambao bila upasuaji watabaki vilema. Hao wamo katika makundi manne, na kila kundi lina dawa yake.

Kundi la kwanza ni la mifupa iliyovunjika na kuhama. Ikiwa kinundu kimoja kimevunjika na mfupa wa kifundo haukuhama, plasta na subira hutosha. Ikiwa vinundu vyote viwili vimevunjika, au mfupa wa kifundo umetoka mahali pake, daktari huurudisha kwanza kwa mikono ili damu ipite na ngozi isife, na mara nyingi baadaye hupasua na kuishikilia mifupa kwa bamba dogo la chuma na skrubu. Njia hiyo ilienezwa na kundi la madaktari wa Uswisi lililoundwa mwaka 1958. Faida yake ni mbili: mifupa inakaa sawasawa, na mgonjwa anaanza kukichezesha kiungo mapema, kisije kikakauka ndani ya plasta. Kazi hii ina wakati wake. Daktari husubiri uvimbe upungue mpaka ngozi ianze kukunjamana. Akipasua juu ya uvimbe, jeraha hukataa kufunga. Lakini wiki tatu zikipita mifupa imekwisha anza kuungana ilivyo, na kilichokuwa kazi ya saa moja huwa kazi ngumu ya kuvunja na kujenga upya.

Kundi la pili ni la waliovunjika na ngozi ikapasuka. Hao hawangojei. Wanahitaji dawa ya kuua vijidudu mapema iwezekanavyo, kinga ya pepopunda, na kuoshwa jeraha kwa maji mengi safi katika chumba cha upasuaji. Mara nyingi mifupa hushikiliwa kwanza kwa vyuma vya nje mpaka nyama ipone. Anayecheleweshwa hapa huota usaha ndani ya mfupa, na usaha wa mfupa ni ugonjwa wa miaka. Wengine huishia kukatwa mguu.

Kundi la tatu halionekani sana, nalo ni la wenye vifundo vilivyolegea. Mtu aliteguka, akapona nusu, akateguka tena. Sasa kila akikanyaga tuta au jiwe mguu unamsaliti. Kijana wa namna hii hawezi kucheza katika uwanja wa Sokoine wala wa Samora, lakini lililo kubwa zaidi ni kwamba hawezi kuteremka mlima na mzigo bila hofu. Dawa ya kwanza ni mazoezi ya miezi kadhaa: kusimama kwa mguu mmoja, kuimarisha misuli ya upande wa nje, kuufundisha mguu kujihami. Yakishindikana, upo upasuaji uliobuniwa na Lennart Broström wa Uswidi na kutangazwa mwaka 1966, ukaimarishwa na Nathan Gould mwaka 1980. Daktari huzifupisha na kuzishona upya kano za mgonjwa mwenyewe. Upasuaji huo waweza kufanywa kwa nyuzi na matundu madogo katika mfupa, bila kununua vyuma vya bei kubwa. Kano zikiwa zimekwisha kabisa, hutumika kano nyingine kutoka mwilini mwake.

Kundi la nne ni la waliochelewa, ambao kiungo chao kimekwisha sagika. Hospitali za nchi tajiri huwawekea wengine kifundo cha bandia. Kifundo hicho ni ghali, huchakaa, nacho kikichakaa hutaka upasuaji mwingine. Si chombo cha mtu anayelima mteremkoni kila siku. Kwa mkulima, dawa iliyo imara zaidi mara nyingi ni kuunganisha mifupa ya kifundo iwe mmoja, kazi ambayo John Charnley wa Uingereza aliieleza katika mwaka 1951 kwa njia ya kuibana mifupa kwa vyuma. Kiungo hakipindi tena, lakini maumivu huisha na mtu hurudi kutembea. Ni hasara iliyogeuzwa ikawa nafuu.

NDUGU ZETU WAUNGA MIFUPA

Katika vijiji vyetu, wa kwanza kumwona aliyevunjika mara nyingi ni mwunga mifupa wa jadi. Wapo wasomi wanaomcheka. Kicheko hicho hakijamponya mtu. Wananchi humwendea kwa sababu yu karibu, anazungumza nao lugha moja, anapokea kuku au debe la mahindi, na hamwambii mtu arudi wiki ijayo kwa kuwa mashine imeharibika. Mfupa uliovunjika bila kuhama huungana kwake vizuri, na sifa yake hutoka hapo.

Lakini kifundo si ufito wa mfupa ulionyooka. Ni kiungo, na milimita moja haiungwi kwa gango la mianzi. Tena gango likikazwa mno juu ya uvimbe huzuia damu, vidole vikawa baridi na vyeusi, na donda ndugu likaingia. Njia ya busara ni kumfanya mwunga mifupa awe askari wa mbele wa rufaa badala ya kuwa mpinzani. Afundishwe dalili nne za hatari: ngozi iliyopasuka, mguu uliopinda, vidole vilivyopoteza joto au hisia, na mgonjwa asiyeweza kukanyaga. Mwenye mojawapo apelekwe hospitali siku ile ile. Akimpeleka, hospitali impokee kwa heshima na kumpa habari za mgonjwa wake. Mtu aliyeheshimiwa hutuma mgonjwa wa pili.

NANI ATAPASUA, NA WAPI?

Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Taasisi ya Mifupa Muhimbili, iliyoanzishwa kwa Sheria ya Bunge Na. 7 ya mwaka 1996, ni fahari ya taifa. Lakini kutoka Mbeya hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 800, na kutoka Iringa ni kiasi cha kilomita 500. Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya nayo ni kimbilio la mikoa saba: Mbeya, Songwe, Rukwa, Katavi, Iringa, Njombe na Ruvuma. Hospitali moja haiwezi kupokea kila kifundo cha eneo lote hilo katika wiki mbili za kwanza. Hata wafanyakazi wake wakikesha, foleni yenyewe itakuwa ugonjwa.

Kwa hiyo kazi hii lazima ishuke. Mwaka 2015 tume iliyoundwa na jarida la Lancet ilieleza kwamba watu bilioni 5 duniani hawapati upasuaji salama kwa bei wanayoimudu. Tume hiyo ilitaja kazi tatu zinazotosha kupimia kama hospitali ya wilaya inaweza upasuaji: kumzalisha mama kwa kisu, kufungua tumbo, na kutibu mfupa uliovunjika wenye jeraha la wazi. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo Afrika kutoa mpango wa taifa wa upasuaji, uzazi na nusukaputi, uliohusu miaka 2018 hadi 2025. Fikra imekwisha kubalika. Lililo mbele yetu ni kuiona fikra hiyo ikifika Tosamaganga, Chimala, Tukuyu na Mafinga.

Atauliza mtu: je, ni haki kununua mabamba ya chuma wakati mama wajawazito na watoto wenye malaria wanahitaji fedha zile zile? Swali ni la haki na linastahili jibu. Chumba kinachompokea mama kwa kisu ndicho hicho kinachofaa kwa kifundo. Sindano ya ganzi ya mgongo ni ile ile. Mashine ya kuchemshia vyombo ni ile ile, taa ni ile ile, mtoa nusukaputi ni yule yule. Kinachoongezeka ni seti ndogo ya vyombo vya mifupa, mabamba na skrubu, mashine ya eksirei inayofanya kazi, na mkono uliofundishwa. Atakayeimarisha chumba hicho kwa ajili ya mifupa atakuwa amekiimarisha kwa ajili ya mama pia.

Kuhusu mkono uliofundishwa, tuwatazame majirani. Malawi, ambayo mtu wa Kyela huitazama ng’ambo ya Mto Songwe, ilianza mwaka 1985 kuwafunza matabibu maalumu wa mifupa. Hawa si madaktari bingwa. Wanafunga plasta, wanarudisha viungo vilivyotoka, wanasafisha majeraha, na wanajua nani wa kumpeleka mbele. Ndio waliobeba sehemu kubwa ya matibabu ya mifupa katika wilaya za nchi ile. Nasi tuna urithi wetu: kwa miaka mingi Madaktari Wasaidizi wa Tanzania walifanya upasuaji mkubwa katika hospitali za vijijini na kuokoa akina mama wengi. Aliyewahi kufanya jambo hana haja ya kuambiwa kwamba haliwezekani. Madaktari bingwa wa Mbeya wapewe usafiri na ratiba ya kuzungukia hospitali za mikoa na wilaya, wapasue huko pamoja na madaktari wa huko, na kila ziara iache nyuma mtu mmoja anayejua zaidi ya jana.

HESABU YA MSIMU

Sasa tuje kwenye fedha, kwani wengi hawakimbii kisu; wanakimbia hesabu. Tangu uchangiaji wa gharama ulipoanza mwaka 1993, mgonjwa wa mifupa amekuwa na mzigo mzito. Hulipa picha, vyuma, dawa na kitanda, na nje ya hapo nauli na chakula cha ndugu anayemuuguza. Wengine huuza ng’ombe. Wengine hurudi nyumbani na plasta mahali palipotakiwa bamba.

Lakini iko hesabu nyingine isiyoandikwa katika risiti. Mvua za Nyanda za Juu Kusini ni za msimu mmoja, huanza Novemba na kwisha Aprili au Mei. Aliyevunjika kifundo mwezi Novemba hukaa kiasi cha wiki sita bila kukanyaga sawasawa, na miezi mitatu au zaidi kabla ya kushika kazi nzito. Hata akitibiwa vizuri, kupanda kumempita. Akitibiwa vibaya, itampita misimu yote itakayofuata. Kijiji kinachompoteza mkulima mmoja kwa miaka thelathini kimepoteza chakula kingi kuliko bei ya bamba moja na skrubu sita.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote iliyopitishwa na Bunge mwaka 2023 imefungua mlango. Ni wajibu wetu kuangalia nini kinapita mlangoni humo. Kitita cha mafao ya mkulima kihesabu vyuma vya mifupa kuwa dawa, kama vidonge vilivyo dawa. Aidha kihesabu mazoezi ya viungo baada ya upasuaji, kwa maana kifundo kilichopasuliwa vyema kisha kikaachwa bila mazoezi hukauka, na fedha zote huwa zimemwagwa.

KILA MTU NA SEHEMU YAKE

Wizara na halmashauri zina sehemu yao: vyombo, mashine, mafunzo na ziara za mabingwa. Wakubwa wa bodaboda wana yao: viatu vigumu vinavyofunika kifundo viwe sharti, si mapambo, maana kandambili hazijamkinga dereva yeyote. Vyombo vya habari pia vina yao. Mwaka 1973 kampeni ya “Mtu ni Afya” iliwakusanya watu wapatao milioni 2 kuzunguka redio, wakasikiliza, wakajadiliana, kisha wakashika majembe na kuchimba vyoo. Leo kila wilaya ina redio inayosikika. Kinachokosekana ni ujumbe tu, nao ni mfupi: mguu usioweza kukanyaga hatua nne hauchuliwi, unapelekwa.

Na mwananchi ana sehemu yake. Asiogope kisu kuliko kilema. Mchelea mwana kulia hulia yeye. Jirani akivunjika mguu wakati wa kilimo, wenzake wampandie robo ekari ya mahindi, ili asilazimike kuikata plasta kabla ya wakati kwa kuhofia njaa. Wazee wetu waliijua kazi hiyo ya kusaidiana kabla ya kitabu chochote kuieleza.

Hatudai hospitali za ajabu. Tunadai kwamba mchuma chai wa Mufindi aliyeteleza asubuhi apigwe picha siku ile, aamuliwe na mtu anayejua, na kama anahitaji upasuaji aupate ndani ya wiki mbili, karibu na kwao, kwa bei isiyomwuzia ng’ombe. Wataalamu wameshaonyesha namna, na majirani wameshatutangulia. Halmashauri zinapokaa kupanga bajeti zao, seti ya vyombo vya mifupa iwe na mstari wake katika karatasi hizo.